Muuaji wa Ukutani

Damu ya kwanza kumwagika wikendi ile ilikuwa ya kopo, rangi nyekundu ya mafuta, na watu waliicheka. Ya pili waliicheka vilevile, na ubaya wote uko hapo. Lakini tuanze na Jumamosi, maana Jumamosi ilikuwa tamu, na mtu aliyenyang'anywa siku tamu kama ile ana haki ya siku hiyo kusimuliwa kwanza.

Kahindo alifunga meza yake ya makayabo, samaki wakavu wa chumvi, sokoni kabla ya saa sita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wahamie Bunia kutoka Butembo. Mumewe Josaphat ndiye aliyemng'ang'ania. Josaphat alikuwa mchoraji wa kuta. Vichwa vya saluni, dawa za duka la dawa, ng'ombe wa buchari, vingi vya mji ule vilipita chini ya brashi yake. Mwezi ule shirika moja la amani lilimpa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: kuchora kuta za kartie mbalimbali za mji, ili Jumapili watu waje kutazama michoro na teatre ya uwanjani. Kazi ilikuwa imekwisha. Alitaka mkewe azione kuta zote kwa miguu, bila haraka.

"Mama Musoki," alimwambia. Musoki ni binti yao, aliyebaki Butembo kwa nyanya yake. "Leo siye tuko batoto ya chefu. Tunatembea tu."

"Na makayabo, nani ataiuzisha?"

"Makayabo haiwezi oza. Tuende."

Wakaenda. Walishika barabara kubwa, yeye na shati lake la kanisani siku ambayo si ya kanisa, Kahindo na kitenge kipya ambacho vumbi jekundu lilikifikia kabla hawajafika kona ya kwanza. Walinunua vijiti viwili vya brosheti ya mbuzi, wakala wakitembea, pilipili ikiwatoa machozi. Kwenye ukuta wa zahanati Josaphat alikuwa amechora muuguzi mwenye sindano ndefu kama mkono wa mtu mzima.

"Hii ni ya batu ao ya ng'ombe?" Kahindo aliuliza.

"Ile siku rangi nyeupe ilikuwa mingi."

Kwenye ukuta wa shule kulikuwa na watoto wanacheza mpira, na Kahindo aligundua kwamba mmoja wao alikuwa na miguu miwili ya kushoto. Alicheka mpaka akaketi kwenye jiwe. Josaphat alimsihi asimwambie mtu, kwa kuwa mkurugenzi wa shule alikuwa ameisifia miguu ile mbele ya wazazi. Kwa muda huo mfupi walikuwa watu wenye furaha, na nasema hivyo bila kuwaonea haya.

Amani yenyewe ya miaka ile mnaijua. Vita vya mji vilikuwa vimekwisha, kwa wale wanaoamini redio. Kule Aveba bunduki zilikuwa bado zinakohoa. Magari meupe ya kofia za bluu za Umoja wa Mataifa yalipita taratibu, na watu waliosalimiana sokoni walikuwa wamechomeana nyumba. Makabila mawili yaliyochinjana siyataji hapa. Aliyekuwepo anayajua, na asiyekuwepo, majina hayatamsaidia.

Karibu na mzunguko wa barabara walikuta watu wamemzingira kijana mmoja aliyechukua simu ya mtu. Alikuwa ameshapigwa kiasi kwamba jicho moja halikuonekana. Kabla Josaphat hajamshika mkono, Kahindo alikwisha vua kandambili, akapenya katikati ya watu, akamchapa yule kijana usoni mara mbili kwa ajili ya gunia lake la chumvi lililoibwa wakati wa mvua. Hakumjua hata kidogo. Alijua tu kwamba mkono wake ulisikia raha. Kisha polisi walipiga risasi hewani na wote wakatawanyika, mwizi akiwemo, akiburuta mguu.

"Ungemuua," Josaphat alisema walipofika mbali. Alikuwa amekasirika kweli.

"Mimi? Nilipiga na sapato tu. Tulikuwa batu mingi pale."

"Njo vile batu banakufaka huku. Kila mutu anapiga kidogo."

Kahindo alinuna. Mkono wake ulikuwa na haraka tangu utotoni, mama yake alishaulalamikia, na yeye mwenyewe aliuona kuwa kipaji kwa mtu anayeuza sokoni. Wakatembea hadi ukuta wa mwisho, ule mkubwa, ulio kando ya uwanja wa mpira ambapo teatre ingechezwa kesho yake.

Ukuta huu ndio uliomsumbua Josaphat kuliko yote. Shirika lilitaka achore milisi, mpiganaji wa porini, na silaha yake, mbele yake familia inayokimbia, na pembeni milisi yuleyule ametupa bunduki na kunyoosha mkono. Kazi rahisi, isipokuwa kwamba milisi lazima awe na sura. Bunia watu wanasoma pua kama wengine wanavyosoma gazeti. Alipochora kwa makaa pua nyembamba, wapita njia walisimama: Kumbe siye njo bauaji? Alipoipanua, wakaja wengine na swali hilohilo, na mmoja wao alikuwa ameshika jiwe. Alifuta, akachora, akafuta. Jioni moja, Josaphat akila ugali bila hamu, Kahindo ndiye aliyempa dawa.

"Weka yako," alisema. "Siye Banande, batu ya Butembo, hatuna vita na mutu hapa. Sura yako haimuume mutu."

Walicheka sana. Josaphat alichukua kioo cha kunyolea, akajichora: kipara kinachoanza, kovu dogo la tetekuwanga kwenye nyusi, midomo yake minene. Watu walipita na hakuna aliyelalamika. Mgeni ni kuku mweupe, wahenga walisema, na maana yake ni kwamba haponi macho ya watu. Kahindo aliielewa vingine. Alidhani kuku mweupe ni yule asiye wa banda lolote, hivyo hachinjwi.

Sasa walisimama mbele ya ukuta na Kahindo akaona macho. Mtu alikuwa amekwangua macho ya milisi kwa msumari, kwa nguvu, mpaka saruji ikatokea. Kila kitu kingine kilikuwa salama. Aliingiwa na hofu palepale, akamshika mumewe mkono.

"Papa Musoki, tufute hii sura."

"Ni mulevi tu. Kesho asubuhi natengeneza macho." Akapiga picha za macho yaliyokwanguliwa kwa simu yake, akicheka. Motari mmoja aliyesimama kando na pikipiki yake alimtazama Josaphat, akatazama ukuta, akapaza sauti, "Chefu ya milisi! Nikufikishe porini?" Josaphat akampungia mkono.

Jumapili baada ya misa uwanja ulijaa. Watu walikuja na mikeka, viti vya plastiki, miavuli ya jua, vyungu vya chakula. Waliuza karanga na maji ya mifuko. Josaphat alikuwa amefika mapema, macho ya ukutani yalikuwa yamerudi mahali pake, meusi, bado yana unyevu. Kahindo alimkuta anabishana na Vital, mkuu wa wachezaji, mwanaume mrefu mwenye megafoni shingoni. Kumbe hawakuwa wanabishana. Vital alikuwa anamwomba.

Mchezaji wao wa milisi, Gérard, hakuja. Wiki iliyopita walicheza Nyankunde, na baada ya mchezo watu walimfuata Gérard hadi stendi wakimrushia mawe, ingawa alikwisha vua magwanda na kunawa uso. Asubuhi ile alituma ujumbe kwamba yeye hachezi tena mtu mbaya, hata akipewa nini.

"Na mtu mwingine njo huyu hapa," Vital alisema, akamgusa Josaphat kifuani, kisha akaonyesha ukuta. "Batu bamekwisha muona ku mur. Hata hatuna lazima ya kumuelezea."

"Hapana," Kahindo alisema.

"Mama, ni dakika chache."

"Gérard alipigwa mawe, na weye unaniletea dakika?"

Lakini Josaphat alikuwa anatabasamu, na Kahindo alilijua tabasamu lile. Maisha yake yote mumewe alikuwa amesimama mbele ya kuta, mgongo kwa watu. Leo watu wote hawa wangemtazama usoni. Alikuwa anaitaka ile nafasi kama mtoto anavyotaka pikipiki.

Vital alimfundisha haraka, na Kahindo alisikia kila neno. Mchezo wao una desturi moja. Ukifika mahali pabaya kabisa, wanausimamisha, na mtazamaji yeyote anaruhusiwa kuingia, kuchukua nafasi ya mchezaji mmoja na kuugeuza mwisho. "Akikuuliza kitu, ujibu," Vital alisema. "Hata kama hujui, ujibu. Usiseme sijui. Mutu wa teatre akisema sijui, mchezo inakufa."

Kahindo alipata nafasi kwenye benchi la mbele, karibu na mwanamke aliyeelekea uzeeni, aliyekuwa na karanga kwenye karatasi. Mwanamke alimsogezea karatasi bila kuuliza. Jina lake Angélique. Alikuwa ametoka Bule tangu alfajiri ya jana, na kijana wake, Alexis, fundi baiskeli, aliyeketi chini mbele yao akiwa amekumbatia magoti. Alexis hakuwa kijana sana, ndevu zake zilikuwa zimeanza kuota mvi. Hakugeuka kusalimia.

"Usimukasirikie," Angélique alisema. "Hasemake sana. Mimi njo nilimuleta. Nilisema aje acheke kidogo."

Wakala karanga. Angélique aliuliza habari za Butembo, bei ya makayabo, watoto. Kahindo alimwambia juu ya Musoki, kisha akauliza, kama mtu anavyouliza, yeye ana wangapi.

"Huyu. Na Fifi." Alimenya karanga moja, akaiweka mdomoni. "Fifi milisi walimubeba. Alikuwa na myaka kumi na tano. Tulisikia amekufa, lakini hatujaona hata mufupa. Kama ningekuwa na fasi ya kuweka musalaba, ningelala."

Kahindo alimshika goti, na alitaka kumwambia kwamba atakayetoka sasa hivi na magwanda ni mume wake. Ngoma ilipigwa, akanyamaza.

Mchezo ulianza vizuri. Arielle, mchezaji pekee wa kike, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu cha kweli, kwa mchi wa kweli alioazima jikoni kwa watu, na alikuwa anamsema mumewe mvivu hivi kwamba wanawake walipiga vigelegele. Kisha Josaphat akaruka kutoka nyuma ya ukuta, bunduki ya mti mkononi, akapiga kelele. Watu waliangalia ukuta, wakamwangalia yeye, kukawa na mngurumo uwanja mzima. Alicheza vizuri. Kahindo alistaajabu. Alimpiga teke mume wa mchezo, akamwaga kopo la rangi nyekundu juu ya mgongo wake, na watu wakacheka kwa kuwa rangi ilimrukia pia kwenye kipara. Akamkamata Arielle nywele, akamburuta kuelekea ukutani.

Vital akapuliza filimbi. Wote wakasimama kama walivyo.

"Wandugu! Tuache iishe hivi? Nani atakuja kugeuza?"

Aliingia kwanza mzee mmoja mcheshi, akachukua nafasi ya mume, akampa milisi mbuzi asiyeonekana. "Chukua mbuzi, uache bibi, bibi anakula kuliko mbuzi!" Uwanja ukavunjika mbavu. Josaphat aliuliza mbuzi ana umri gani. Kahindo naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Kisha Alexis akasimama.

"Angalia!" Angélique alimbana Kahindo mkono kwa furaha. "Anaenda! Mwanangu anaenda kucheza!"

Alexis alifika mbele ya Josaphat, akasimama. Watu wakaanza kumhimiza. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ndogo, na Vital akamwekea megafoni karibu na mdomo.

"Fifi iko wapi?"

Josaphat alisita. Hakumjua Fifi. Alikuwa amesimama mbali wakati wa karanga, hakusikia lolote. Alimtazama Vital, na Vital akamfanyia ishara ya mkono: endelea, ujibu. Kahindo aliliona jibu linakuja. Alisimama, akafungua mdomo, na sauti yake ikazama kwenye vifijo.

"Ule mutoto?" Josaphat alisema kwa sauti ya milisi, nene, akitikisa bunduki ya mti. "Tulimutupa ku Nyamukau!" Nyamukau ni kijito kinachopita mjini. Ndicho kijito pekee ambacho mchoraji yule alikijua vizuri, kwa kuwa huko ndiko alikosafishia makopo yake.

Alexis alimnyang'anya bunduki ya mti na kumpiga nayo taya. Mlio ulisikika hadi kwenye mikeka ya nyuma, na watu wakapiga makofi. Josaphat alianguka kwa upande. Alexis akampiga tena, mdomoni, na bunduki ikavunjika, naye akaendelea na kipande kilichobaki, chenye ncha. Nyekundu ilitapakaa kwenye kipara, shingoni, kwenye ukuta chini ya miguu ya familia iliyochorwa. Watu waliiona na kucheka. Walikuwa wamekwisha ona rangi. "Ongeza!" walipiga kelele. "Umuonyeshe!" Vital mwenyewe alikuwa anacheka, megafoni ikikuza kicheko chake. Angélique alikuwa amesimama juu ya benchi, anapiga vigelegele, machozi ya furaha yanamtoka.

Kahindo alijua. Mkono wa mumewe, mkono wa brashi, ulikuwa umeinuka na vidole vinakamata hewa, na hakuna mchezaji anayeweza kuigiza hilo. Alikimbia. Kijana wa ulinzi wa lile shirika alimzuia kifuani.

"Mama, ungojee zamu. Wa kwanza hajamaliza."

Alimng'ata mkono. Kijana akapiga yowe, watu wakacheka zaidi, mama huyu ana hamu ya kucheza. Alexis alikuwa ametupa kipande cha bunduki na sasa ameinua jiwe kubwa kwa mikono miwili. Kahindo alichomoa mchi kutoka kwenye kinu. Mchi ulikuwa mzito, una majani ya sombe kwenye ncha. Alimpiga Alexis nyuma ya kichwa. Jiwe likaanguka pembeni, Alexis akapiga magoti. Alimpiga tena. Alianguka kifudifudi juu ya miguu ya Josaphat, na hapo ingetosha, mtu yeyote angekwambia hapo ingetosha. Kahindo akampiga mara ya tatu. Hata akilini mwake hakuweza kujidanganya juu ya ile ya tatu: mkono ulisikia raha.

Uwanja mzima ulisimama na kumpigia makofi. Wanawake walirusha vitambaa. "Mama, hongera! Njo hivi!" Kelele ile ilidumu muda mrefu, hadi Arielle, aliyekuwa amelala karibu kama mateka, alipoona kilicho kwenye majani ya sombe. Ukelele wake haukuwa wa mchezo. Makofi yalikufa safu kwa safu kutoka mbele kwenda nyuma.

Angélique alishuka kwenye benchi. Alikuja mpole, akamgeuza mwanawe, akamfuta uso kwa kitenge, akamwita. Akamwita tena kwa jina la utotoni, ambalo Kahindo hakulisikia vizuri. Nyuma yake watu walikuwa wameanza kuokota mawe, na kila mmoja wao angepiga kidogo tu. Polisi walipiga risasi hewani, wakamrusha Kahindo ndani ya gari. Kiatu kimoja kilibaki. Kutoka kwenye gari aliona jiwe la kwanza likimkosa yeye na kupiga ukuta, kwenye sura ya mumewe, kisha jingine, kisha mengi.

Josaphat alipelekwa hospitali, naye angepona. Taya lilivunjika sehemu mbili, madaktari wakalifunga kwa waya, hangeweza kusema neno wala kutafuna kwa wiki nyingi. Alexis alilazwa chumba cha jirani na akafa kabla ya alfajiri. Habari hizo zililetwa kachoti, kwenye chumba cha mahabusu, na mlinzi Baudouin, mtu mzima mwenye kikohozi. Alizisema zote kwa pumzi moja, kisha akampa Kahindo chai yake mwenyewe, na Kahindo akaiweka sakafuni. Hakulia. Aliketi na mikono yake mapajani, akiitazama.

Jumatatu, jua likiwa limeshapanda, Angélique alikuja. Baudouin alimfungulia, akabaki karibu na rungu lake, akidhani watashikana. Angélique hakumshika mtu. Aliketi sakafuni mbele ya Kahindo, akavua kandambili. Miguu yake ilikuwa na tope hadi magotini.

"Alexis amekufa," alisema.

"Nilisikia, mama."

"Sikuje ju yake. Yeye iko na batu ya kumulilia. Nilikuja ju ya Fifi." Macho yake yalikuwa makavu, mekundu. "Bwana yako kinywa imefungwa, nilifika kule, hawezi sema. Weye uniambie. Nyamukau, fasi gani? Karibu na daraja ao chini?"

Kahindo alisogeza kikombe cha chai kando.

"Toka Bule mpaka hapa ni siku mbili ku miguu. Nilifikiri usiku yote. Walimutembesha muzima mpaka huku? Alikuwa na viatu?"

Hapo Kahindo alielewa kitu kilichowekwa mbele yake, na kilimtisha kuliko mawe ya jana. Angesema ndiyo, karibu na daraja, mama huyu angepata mahali pa kuweka msalaba, na angelala. Na Josaphat, aliyelala hospitalini na taya la waya, asiyeweza hata kusema si mimi, angekuwa muuaji wa Fifi siku zote, na ndugu wa Bule wangejua kitanda chake. Angesema hapana, basi mwana wa mama huyu amekufa kwa ajili ya sentensi. Alitamani kumpa uongo ule. Mbele ya mlango Baudouin alikuwa ameacha kukohoa, anasikiliza.

"Mama," alisema, "bwana yangu hajafika Bule hata siku moja. Wakati ya vita tulikuwa Butembo, siye wote. Neno ya Nyamukau ilikuwa ya teatre. Walimufundisha ajibu kila kitu. Alijibu."

"Alijibu tu?"

"Alijibu tu."

"Bila kujua."

"Bila kujua, mama. Na mimi mwana wako nilimuua ju ya ile. Ulinipa karanga, na nilimuua. Sina neno ya kukuambia."

Nje mtu alikuwa anauza mkate, akaita, akapita. Baudouin alipiga hatua moja kuingia, akarudi nyuma. Angélique aliinua kandambili moja, akaikwangua tope kwa ukucha, taratibu, hadi ikawa safi, kisha akaishika ya pili.

"Toka asubuhi bandugu yangu wa hapa Bunia wako wanachimba kule," alisema. "Na jembe, na mikono. Wamekwisha kupata."

"Wamepata nini?"

"Mufupa ya mutu. Ya mutu mukubwa, haiko ya Fifi. Kisha tena ingine, ndogo, na kitambaa. Huyu pia si yeye, meno ilikuwa ingine." Alivaa kandambili, akajiinua kwa kushika ukuta. "Bwana yako alisema fasi ya uongo, na tumechimba, na batu wako mule."

"Mama, sasa utabaambia baache?"

Angélique alimtazama kwa muda, kama anayetafuta chuki yake na haikumbuki alipoiweka.

"Nitabaambia vipi?" alisema. "Ule mudogo, mama yake hajui iko wapi."

Baudouin alimfungulia mlango. Angélique alivuka kiwanja cha polisi, akapita kati ya pikipiki, akashika njia ya kijitoni kurudi kuchimba.